Naomba ushauri: tiba ya kikundi kwa hofu ya watu, niendelee au nihamie ya peke yangu?

Habari zenu wakuu. Nina miaka 29, nipo Dar. Kikaoni kazini, zamu ya kujitambulisha ikinikaribia, koo linakauka na jina langu mwenyewe linagoma kutoka. Mwanasaikolojia akaniweka kwenye kikundi cha watu 6, wiki 12.

Mwanzo kilinisaidia sana. Kuna dada alinyanyua kikombe mkono ukitetemeka, chai ikamwagikia gauni, na hakuna aliyecheka. Tukampa kitambaa, mazungumzo yakaendelea. Siku ile nililala kama mtoto.

Shida ilianza wiki ya nne. Akaongezwa kaka mmoja msemaji balaa, anajibu hadi maswali ya wenzake. Wawili wameacha kuja, tuliobaki tumerudi kuangalia sakafu. Na nikiri, ukimya huo unanipa nafuu, ila ya uongo, maana kukwepa ndiko kunakolisha hofu yenyewe. Hilo tulishafundishwa.

Mwongozo wa mwaka 2013 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unatanguliza tiba ya mtu mmoja mmoja kuliko ya kikundi. Sawa, lakini nikijifungia na mtaalamu peke yangu, watu nitawazoea lini? Na gharama yake ndiyo hiyo, mnaijua.

Waliopitia hili, mlifanyaje? Nimwambie mtaalamu pale pale mbele ya wote, au pembeni? (Hata kumwomba dakika mbili pembeni natetemeka.) Wenye kejeli piteni tu jamani, kikao kijacho ni Alhamisi.