Jumuiya ya Mt. Bakhita, Awindiri: hela ya sherehe

*Jumapili, 25 Januari*

Mama Candiru 18:42
Tumsifu Yesu Kristu wanajumuiya. Leo kwa Mama Asunta tulifika watu saba tu na habari ya sherehe haikuisha, kwa hiyo tunaimalizia hapa. Sikukuu ya msimamizi wetu inaangukia Jumapili tarehe 8 Februari. Mfukoni kuna shilingi 640,000. Pendekezo langu ni kwamba mwaka huu tusichinje. Hela iende kwa wakimbizi wa Sudan walioko kambi ya Kiryandongo. Nataka jibu la kila nyumba kabla ya Jumatano.

Drani 18:44
Milele amina. Tusichinje???

Drani 18:44
Mbuzi amesikia. Sasa hivi yuko mlangoni kwangu anaomba hifadhi 😂

Opio 18:51
😂😂 mwandikishe haraka apate kadi ya mgawo

Mama Candiru 18:53
Drani, Opio, kuna watu wazima humu.

Mama Candiru 19:05
Sikilizeni. Bakhita alizaliwa Darfur, karibu mwaka 1869. Alitekwa akiwa mtoto mdogo, akauzwa, akauzwa tena, El Obeid, Khartoum. Alipofikishwa Italia, mwanamke aliyekuwa akimmiliki alitaka kumrudisha Sudan kama mzigo wake. Watawa Wakanossa wa Venice wakakataa kumtoa. Hawakuwa kabila lake, hawakuwa rangi yake, hata lugha walipatana kwa shida. Walisimama naye mpaka mahakama ikaamua, tarehe 29 Novemba 1889, kwamba yu huru. Baada ya hapo ndipo akabatizwa. Kila Jumapili tunamwambia atuombee. Leo watu wa Darfur ile ile wamekimbia vita vilivyoanza Aprili 2023, na wengine wako pale Bweyale, penye kambi ya Kiryandongo, ambako kila basi la Arua kwenda Kampala linapita. Sisi tutakaa hapa tule nyama kwa jina lake? Mimi moyo wangu umekataa.

Mama Candiru 19:07
Na mjue mwaka 2025 WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, iliwaondoa wakimbizi wapatao milioni moja kwenye mgawo wa chakula nchini kwetu, kwa sababu wafadhili wamepunguza fedha.

Mama Candiru 20:30
Naona tiki za buluu. Mmesoma. Andikeni.

Baba Atiku 21:02
Katibu, wazo ni zuri lakini tuanzie nyumbani. Someni 1 Timotheo 5:8, asiyewatunza walio wake ameikana imani. Mabati ya Mama Draru yako wapi? Upepo uliezua paa lake tangu Pasaka. Tuliahidi mabati ishirini, akapata saba.

Mama Candiru 21:04
Hilo ni jambo lingine Baba Atiku.

Baba Atiku 21:05
Si lingine. Hela ilikuwepo. Ilikwenda kwenye hija ya Lodonga.

Paskwale (mweka hazina) 21:09
Tafadhali. Lodonga tusiifungue humu.

Drani 21:10
Yule dereva wa basi hadi leo akiniona anafunga kioo 😂😂

Opio 21:10
Na zile sufuria mbili je?

Paskwale (mweka hazina) 21:11
Nimesema TAFADHALI.

Mwalimu Okumu 22:18
Nimechelewa, nilikuwa nasahihisha madaftari. Niseme kidogo. Paulo alipokuwa akichangisha kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, makanisa ya Makedonia yalitoa kupita uwezo wao, nayo yalikuwa katika umaskini mkubwa (2 Wakorintho 8). Wengi wao hawakuwahi kuiona Yerusalemu wala kujua mtu wa kule. Hivyo mchango wa kumpelekea mtu usiyemjua haukuzuliwa na Mama Candiru. Pili, mkienda Nyabyeya, Masindi, kuna kanisa lililojengwa na wakimbizi wa Poland wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Wazungu, wanawake na watoto wengi, waliofukuzwa kwao wakazungushwa hadi Uganda. Mtu wa Masindi wa mwaka 1942 angejuaje Poland iko wapi? Lakini walipata ardhi, walilima, waliwazika wafu wao pale. Nchi hii imezoea kupokea watu kabla hatujazaliwa. Tatu,

Opio 22:20
Mwalimu bando langu linaishia kwenye "tatu"

Mwalimu Okumu 22:21
Basi la tatu nitasema siku ya jumuiya.

*Jumatatu, 26 Januari*

Mama Candiru 06:15
Asubuhi njema. Waliojibu ni watano. Tuko nyumba thelathini na moja.

Mama Candiru 06:18
Mpango wangu. Tununue unga wa posho magunia mawili na maharage, na kila nyumba ilete nguo ambazo hamvai. Tushone bango la jumuiya. Tukifika tupige picha pamoja na wanaopokea, nimpelekee Padri, ili na jumuiya nyingine zione ziamke.

Neema 07:40
Mama Candiru, shikamoo. Naomba niseme. Miye nilivuka kutoka Ituri, Kongo, mwaka 2003 na mtoto mgongoni. Kitu cha kwanza nilichopewa ni koti la baridi, zito, la mwanamume. Kwa jua hili la Arua. Nilishukuru kwa sababu nilifundishwa kushukuru. Nilichohitaji siku ile ni sabuni na kitambaa cha hedhi, na hakuna aliyeniuliza. Shemeji yangu anafanya kazi Bweyale. Niacheni nimpigie, awaulize akina mama wenyewe.

Drani 07:44
Hilo koti ndilo anavaa mume wako kwenye Misa ya usiku wa Noeli? 😂

Neema 07:45
Ndilo hilo hilo 😂 lakini usinitoe kwenye jambo

Mama Asunta 07:52
🙏🙏

Mama Candiru 07:55
Sawa Neema, piga leo. Mama Asunta, mikono hiyo ni ndiyo au hapana?

Neema 16:33
Amejibu. Akina mama wanasema posho inapatikana pale pale kwa bei ya chini kuliko Arua, tusibebe. Wanaomba sabuni, pedi, sukari, dengu. Na wengi wametoka Khartoum, walikuwa na nyumba zao, walimu, wauguzi, kwa hiyo nguo zilizochakaa wanaziona vibaya ingawa hawasemi. Halafu wamesema Ramadhani inakaribia, kama tunaweza tuwaongezee tende za kufuturia.

Neema 16:34
Mwaka huu Ramadhani na Majivu yetu vinaangukia wiki moja. Majivu ni tarehe 18.

Baba Atiku 17:20
Yaani hela ya Bakhita inunue tende za Ramadhani?

Paskwale (mweka hazina) 17:31
Mimi pia hapo nimekwama. Kiryandongo kuna Wasudani Kusini wengi, Wakristo wenzetu, wamekaa miaka. Kuna watu wa Bududa waliohamishiwa kule baada ya maporomoko ya 2010, Waganda kabisa. Hao hawana njaa? Kwa nini turuke wote hao?

Opio 17:33
Na kule Kampala Wasudani wamepandisha kodi za nyumba, wanalipa kwa dola

Mama Candiru 17:50
Opio, mwenye dola hayuko foleni ya sukari Bweyale.

Mama Candiru 18:02
Paskwale, swali lako ni la haki na sitalipita. Siwezi kulisha Kiryandongo yote. Lakini nikianza kuchagua kwa ubatizo nitakuwa nimeacha Injili nyumbani. Msamaria alipomkuta yule mtu njiani hakumgeuza aone dini yake. Alimfunga majeraha kwa mafuta na divai, akampandisha juu ya mnyama wake, akatoa dinari mbili, akaahidi kurudi kulipa zaidi. Hata jina la yule mtu hatujaambiwa. Na Yesu alimpa mfano huo mwanasheria aliyetaka kujua jirani yake anaishia wapi, ili ajue na wa kumwacha. Nami naogopa sisi tunauliza swali la yule mwanasheria. Tende ni chakula. Mtu aliyefunga kutwa, akiomba Mungu kwa jinsi aliyofundishwa na mama yake, anataka kitu cha kutia kinywani jua likizama. Nikimpa, nimempa. Sitaki ahudhurie jumuiya kwa sababu ya tende. Nampenda kwa kuwa Mungu alimpenda kabla yangu, basi.

Baba Atiku 18:10
Na Mama Draru Mungu hakumpenda?

(Hakuna aliyejibu mpaka usiku.)

Drani 21:48
Kwa hiyo mbuzi nimwambie nini

*Jumanne, 27 Januari*

Mama Candiru 12:30
Nyumba tisa zimejibu. Wengine mnangoja malaika?

Mama Candiru 19:15
Kumi.

Mzee Adriko 20:26
Shikamooni. Ni mjukuu wake naandika. Babu amesomewa yote tangu Jumapili. Anasema niandike anavyosema, nisiongeze kitu.

Mzee Adriko 20:41
Mwaka 1980, mwezi wa kumi, Arua iliwaka. Wengine walipita Vurra wakaingia Zaire. Mimi na mke wangu na watoto tulishika njia ya Kaya tukaenda Yei kwa miguu. Mjue kwamba wakati ule mtu wa huku kwetu West Nile alikuwa na jina baya. Kila mahali tulionekana ni askari wa Amin, hata mtoto wa kunyonya. Aliyetupa mahali pa kujenga kibanda alikuwa Mwislamu, anauza nguo sokoni. Alikuwa na sababu ya kutuogopa. Hakuniuliza nimebatizwa wapi. Aliuliza watoto wamekula lini. Alitupa mtama na chumvi, na jioni mke wake alikuja kukaa na mke wangu, wakashindwa kuzungumza, wakakaa tu. Sikupata nafasi ya kumlipa. Nilirudi huku, na Yei nayo ikaungua, sijui watoto wake walikimbilia wapi. Labda walipita hapa kwetu na sikuwatambua.

Mzee Adriko 20:44
Kuhusu picha. Nilipigwa picha kule nikipokea unga, mbele ya watoto wangu. Mke wangu alijifunika uso. Sijui picha ile iko kwa nani hadi leo. Msimweke mama wa mtu kwenye picha kwa ajili ya sukari kilo tano. Bango msishone.

Mzee Adriko 20:47
Kuhusu mabati ya Draru. Tuliahidi mbele ya altare. Hilo ni deni. Msiliite msaada, na msilitumie kumzuia mtu mwingine kutoa sadaka. Lipeni. Halafu mtoe sadaka kwa mfuko wa kila mtu, iwaume kidogo. Babu amemaliza. Anakwenda kulala.

Mwalimu Okumu 20:50
Asante sana Mzee.

Neema 20:50
Aksanti Babu 🙏

Baba Atiku 21:15
Nimesikia Mzee.

*Jumatano, 28 Januari*

Mama Candiru 05:58
Asubuhi njema. Bango na picha nimefuta. Paskwale, bati moja ni bei gani sasa?

Paskwale (mweka hazina) 08:20
Kwa yule wa sokoni 38,000. Yamebaki kumi na matatu, ni 494,000. Kwenye 640,000 inabaki 146,000.

Drani 08:31
Kuna jambo kidogo

Drani 08:31
Mwenye mbuzi nilishampa 80,000 ya kushikia

Mama Candiru 08:32
Nani alikutuma???

Drani 08:33
Wewe mwenyewe Katibu. Ibada ya kwa Opio. Ulisema "mshike kabla bei haijapanda"

Opio 08:35
Mimi shahidi 😂

Paskwale (mweka hazina) 08:37
Basi ni 66,000, si 146,000.

Mama Candiru 08:50
Drani, leo jioni nenda kwa huyo mtu urudishe hela.

Drani 08:52
Hairudishi. Anasema nichukue mbuzi niongeze iliyobaki, au niache vyote.

Mama Candiru 09:10
Basi kila nyumba elfu kumi, zaidi ya mfuko. Mimi nimetoa thelathini, iko kwa Paskwale. Atakayeshindwa alete miche miwili ya sabuni.

Neema 09:12
Kumi yangu na pedi pakiti tano

Mwalimu Okumu 09:30
Ishirini, mshahara ukiingia.

Baba Atiku 11:47
Kumi. Yangu iende kwenye sukari na sabuni. Tende wanunue wengine.

Mama Draru 13:05
Nimesoma tangu Jumapili. Mmenitaja mara nyingi na hakuna aliyenipigia simu. Baba Atiku, asante kukumbuka, lakini paa langu usilifanye sababu ya kuwanyima wale akina mama. Mimi najua kulala mvua inakunyeshea. Na wewe Katibu, usiniambie tena mimi ni jambo lingine.

Mama Draru 13:06
Mabati nayataka kabla ya mvua za Machi.

Mama Candiru 13:40
Nimekusikia Mama Draru. Nakuja kwako saa kumi na moja.

Mama Candiru 17:55
Nimetoka kwa Mama Draru. Mbao mbili zimeoza, mabati peke yake hayatatosha, Paskwale nitakuja tuhesabu upya. Mzigo wa Bweyale uondoke Ijumaa tarehe 13, ufike kabla ya mfungo. Nataka watu wawili wa kusindikiza, mmoja awe Neema. Wa pili?

Mama Candiru 19:30
Wa pili nani?

Opio 19:52
Binamu yangu ni kondakta, anaweza kubeba mzigo bure, lakini mtu analipa nauli

Mama Asunta 20:15
Poleni, simu haikuwa na chaji. Kwa hiyo tarehe 8 tunachinja au hatuchinji?

Mama Candiru 20:16
Mama Asunta soma kuanzia juu.

Drani 20:20
Swali lake lakini lina jibu? Mbuzi yupo

Paskwale (mweka hazina) 20:41
Stakabadhi ya mabati nitaiweka hapa kesho. Kuhusu tende bado sijakubali, nitaongea na Padri baada ya Misa.