Darasani ametulia, nyumbani kunawaka: mwalimu nikomee wapi?

Mwalimu_Katuba
Habari za jioni wakubwa. Nafundisha darasa la tatu hapa Lubumbashi, Kongo (DRC), komini (mtaa mkubwa wa mji) ya Katuba. Nina watoto 62, mmoja wao ana usonji, ule munganga anauita otisimu. Darasani tumeshaelewana. Kengele ilikuwa inamtesa, akiisikia anaziba masikio na kuingia chini ya benchi, basi nikampa yeye kazi ya kuipiga. Sasa anajua italia saa ngapi, na hakuna anayechelewa tena, hata direkta.

Shida inaanza akivuka geti. Baba yuko Kolwezi kwenye mgodi, akipiga simu swali ni moja: "Alisha kusema?" Mama anauza makala, yaani makaa ya kupikia. Usiku mtoto anapiga kelele, mwenye parsele, yaani mwenye nyumba wao, amewaambia wahame. Bibi alimpeleka kwenye chumba cha maombi, siku tatu bila kula. Majirani hawafichi: "Ule mutoto iko na pepo." Juzi mama alikuja kwangu saa mbili usiku, hakuomba kitu, alikaa tu kwenye kiti akalia. Mke wangu naye ameanza kunitazama kwa jicho lile mnalolijua.

Mwalimu anaingia hadi wapi katika mambo ya nyumba ya watu?

Mama_Mapasa
Pole mwalimu, na aksanti. Binti yangu ana miaka 17, hali ni hiyohiyo. Usimpe huyo mama mashauri, anayo mengi kuliko makala anayouza. Mpe saa za kupumzika. Mimi niliokolewa na jirani aliyemchukua binti yangu kila Jumamosi kuchambua maharage. Alikuwa anayapanga kwa rangi, kokoto haikupona hata moja. Mimi nalala. Ni hilo tu, nalala kwa muda wa saa mbili, nikiamka nampenda tena mtoto wangu.

Baba naye apewe kazi, aache maswali. Apige kila siku saa moja jioni, saa ileile. Mtoto asiposema, aseme yeye.

Papa_Zebedayo
Ndugu, tusidharau maombi. Nimeona kwa macho yangu bubu akisema.

Infirmie_wa_Zamu
Hakuna aliyedharau, papa. Muombee mtoto aliyeshiba. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto uchawi, na sheria ya 2009 ya kulinda watoto inaadhibu anayefanya hivyo. Lakini mwalimu usianzie kwa bibi na vifungu. Bibi anaogopa, huenda kuliko mama.

Amepimwa masikio? Mtoto asiyesema, kwanza tujue kama anasikia. Na zile kelele za usiku, mwili unakakamaa? Anatoka povu, au anakodoa macho bila kuitika? Wenye usonji si wachache wanaokuwa na kifafa pia, na kifafa kina dawa. Usonji wenyewe hauna kidonge, mtu anazaliwa nao. Hautoki kwenye chanjo wala kwenye alichokula mama akiwa na mimba. Atakayewauzia dawa ya kuuponya anakula pesa ya makala.

Hapa mjini kuna kituo cha Joseph Guislain cha Frères de la Charité, wale mabruda Wakatoliki, wanashughulikia akili na mishipa ya fahamu. Watu wanaona haya kuonekana mlangoni pa kituo kama hicho. Ukimsindikiza mama, haya itapungua.

Kijana_wa_Kenya
Ukifikiria kwenda kwa mwenye parsele kuwaombea wasihame, kwanza muulize mama. Huenda hataki neno "ugonjwa" lizunguke uani. Halafu, nani anamrudisha mtoto nyumbani? Mimi ndiye niliyekuwa namrudisha mdogo wangu. Miaka minne nilitoka darasani kabla ya wenzangu, na hakuna aliyeniuliza lolote.

Mwalimu_Katuba
Wiki mbili zimepita, nalipa deni. Mama alikubali twende kwa mwenye parsele, ila alitaka kusema mwenyewe, mimi nikae pembeni kama picha ukutani. Wamepewa hadi mwisho wa mvua.

Infirmie, maswali yako yalimfanya mama akeshe akiangalia. Hakuna povu. Kelele zinaanza umeme ukikatika na jirani akawasha grupu (jenereta) chini ya dirisha lao! Tumeisogeza nyuma ya ukuta, jirani bado ananung'unika. Masikio tunapima Alhamisi. Bibi hajaacha chumba chake cha maombi, ila sasa anampikia kwanza.

Baba amepiga siku 9 kati ya 14. Siku moja kati ya zile alizokosa, mtoto alikaa mbele ya simu hadi saa mbili. Mama akampigia mume wake, walichosemezana sikuambiwa, lakini tangu hapo hajakosa.

Mama Mapasa, Jumamosi mtoto anakuja kwetu. Mke wangu alimpa ungo wa mchele, akamaliza kabla ya chai. Jicho limelegea kidogo.

Kijana, swali lako limenichoma. Anayemrudisha ni dada yake wa darasa la sita, na mwaka huu ana mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi. Kila siku anakosa somo la mwisho, na somo la mwisho kwao ni hesabu. Nimekuwa nikimwona akipita dirishani kwangu na mkoba tangu Septemba, nikidhani ameruhusiwa tu. Natafuta mtu wa Katuba anayepita upande wa soko mchana, mwenye subira, asiyeogopa kushikwa mkono kwa nguvu. Aniandikie pembeni.