Nimebadilisha hadidiski, paswedi zote zimepotea

Swali:
Wakuu habari, juzi fundi kanibadilishia diski ya laptopu kaweka SSD na Windows mpya, sasa nafungua Firefox iko tupu kabisa paswedi hamna, na picha za marehemu mama zilikuwa desktopu. Diski ya zamani ninayo, inalia tik tik ila bado inasoma. Nisaidieni jamani.

Jibu:
Pole sana mkuu. Usiifomati wala usisevu kitu humo. Tafuta waya wa SATA kwenda USB (wa kuunganisha diski ya nje na laptopu) uichomeke, kopi picha kwanza maana hiyo tik tik ni dalili inakufa, paswedi zisubiri.

Jibu:
Nakazia. Ukimaliza picha, humo humo kwenye diski ya zamani ingia Users, jina lako, AppData (imefichwa hiyo), Roaming, Mozilla, Firefox, Profiles. Chukua mafaili ya logins.json (paswedi zenyewe) na key4.db (ufunguo wake), yote mawili, moja likikosekana paswedi hazifunguki. Funga Firefox kabisa ndio uyapesti kwenye profaili mpya (folda ya Firefox yako kwenye SSD).

Jibu:
Ingekuwa Chrome kukopi faili tu kusingetosha, paswedi zake zimefungwa na akaunti ya Windows ya zamani, labda uwe ulisinki na akaunti ya Google.

Muuliza swali:
Picha zimetoka zote, hata ile ya mama amekaa barazani. Paswedi nazo zimerudi. Asanteni sana wakuu, Mungu awabariki.