Tupeane uzoefu: ulilifikiaje soko la vyakula la wikendi hapa Kampala?

Binti Tanga, Ntinda

Wadau, habari za Jumapili. Tangu nihamie Kampala, chakula changu cha mchana ni kile cha kibanda jirani na kazini: matooke (ndizi za kupika), wali, maharage, mchuzi wa karanga. Kitamu, sikatai. Ila Jumamosi moja jirani yangu, mama wa Kiganda, aligonga mlango akasema, "Nnyabo, leo usiwashe jiko." Tukaenda kwenye uwanja mmoja wa nyasi upande wa Bugolobi: mahema, meza za mbao, majiko ya mkaa, watu wamekuja na watoto wao.

Nilinasa kwenye meza ya luwombo. Mama mpishi analipitisha jani la mgomba juu ya moto mpaka lilegee, analichonga ule uti wa katikati lisije likapasuka, kisha analitandaza ndani ya bakuli. Anatia vipande vya kuku, anamwaga mchuzi wa karanga, anakusanya ncha za jani na kuzifunga kwa kamba ya mgomba. Vifurushi vinapangwa ndani ya sufuria kubwa na kuiva taratibu kwa mvuke. Kila mtu anapewa chake na kukifungua mwenyewe. Waganda husimulia kwamba chakula hiki kilianza jikoni kwa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, mnamo 1887, na huyo mama alinihadithia hayo huku akifunga, bila hata kutazama mikono yake.

Sasa nawauliza nyie: soko lenu la wikendi mlilijuaje, na mlikula nini?

Mkazi wa Ggaba

Dada, mimi sihangaiki na mahema. Jumapili nateremka mwaloni hapa Ggaba, ziwani kabisa. Unachagua ngege (sato) wako mwenyewe: macho yang'ae, matamvua yawe mekundu, nyama ukiibonyeza irudi. Halafu unampelekea mkaangaji. Elewaneni bei kabla samaki hajaingia kwenye mafuta! Akishaingia huna tena la kusema. Mwombe amchane mbavuni mistari mitatu minne ili chumvi ifike ndani, na usikubali akupe chipsi zilizolala.

Mgisu wa Nakawa

Mimi nitasema kidogo zaidi, mniwie radhi, maana jambo hili linanigusa.

Natoka Mbale. Kwetu sherehe bila malewa haijakamilika. Kwa wasioyajua, ni machipukizi ya mianzi ya Mlima Elgon. Huchumwa wakati wa mvua, hukaushwa kwa moshi, na hivyo ndivyo yanavyosafiri mpaka mjini, yamekuwa ya kahawia na magumu kama kamba. Kuyapika ni kazi. Unayaloweka, unayachemsha mpaka yalainike, unayakata, ndipo unayaunga kwa karanga za kusaga na kuyaacha yatokote polepole mpaka mchuzi uwe mzito. Hakuna kibanda cha mchana kitakachokufanyia hayo siku ya Jumanne, na nyumbani sisi wazazi wote wawili tunarudi usiku.

Basi watoto wangu walikua wakiyasikia tu kwa bibi yao kwenye simu. Siku tuliyopita soko la wikendi na nikasikia Kigisu kikizungumzwa nyuma ya sufuria, nilisimama. Yule mama alinisalimu kwa lugha yetu, akaniuliza ukoo, akanijua. Akampa binti yangu wa mwisho kijiko aonje. Mtoto alitafuna kimya, akauliza mbona nyama hii ina moshi. Nikamwambia si nyama, ni mlima wa babu yako. Aliomba sahani nzima. Tangu hapo wikendi ikifika ndiye anayeniamsha.

Kijana wa Wandegeya

Wakubwa, shikamooni. Masoko ya mahema mengine bei zake si za mwanafunzi. Sisi wa Makerere soko letu liko Wandegeya kila usiku: muchomo (nyama choma), gonja (ndizi tamu za kuchoma), kuku na chipsi. Na rolex! Mayai yanapigwa ndani ya kikombe pamoja na kabichi, kitunguu na nyanya, yanamwagwa kwenye chuma cha moto, chapati inafunikwa juu, inaviringishwa, unaondoka unakula. Hata tamasha lake lilifanyika hapa Kampala mwaka 2016. Mbona mnaisahau?

Binti Tanga, Ntinda

Marahaba mdogo wangu. Hatujaisahau, na kwa bei uko sahihi. Lakini rolex naipata kila kona, kila siku. Mimi nafuata vile vyakula vinavyotaka saa nyingi na mikono inayojua. Juzi nimekula eshabwe ya watu wa Ankole, samli iliyopigwa na maji na chumvi ya mawe mpaka ikawa nyeupe pepe, pembeni yake ugali wa ulezi. Meza ya pili, luwombo. Ya tatu, malewa. Mjini hapa katikati ya wiki utavipata wapi pamoja?

Mama Bukavu, Nsambya

Miye niko upande wa pili wa meza, nauza sombe na samaki wa chumvi. Dada amesema kweli kuhusu saa nyingi. Majani ya muhogo natwanga Ijumaa, napika usiku, alfajiri natafuta gari ya kubeba masufuria. Kuna soko moja lilipandisha kodi ya meza katikati ya mwezi bila kutuambia, wauzaji wengi tukaondoka. Kwa hiyo mkiona sahani imeongezeka bei, msitukasirikie mara moja, ulizeni kwanza.

Na muombe kuonja. Hakuna mpishi wa kweli atakayekunyima kijiko.

Mgeni wa Kisaasi

Asanteni. Nsenene je, wale panzi wa kuliwa, nazo zipo hapo? Nataka kumwonjesha shemeji anayekuja kutoka Mombasa.

Mgisu wa Nakawa

Kwa nsenene mwambie aje Novemba, huo ndio msimu wenyewe. Nunua zilizokwisha kutolewa mabawa na miguu, zikaangwe mbele yako kwa kitunguu na chumvi. Mafuta yake yenyewe yanatosha.

Mama Bukavu, Nsambya

Na kwangu mlete kabla ya saa saba mchana. Baadaye sombe inakuwa imekwisha.