Filamu ya Double Indemnity (1944): muuaji anajitaja mwanzoni kabisa, sasa nabaki kutazama nini?

Mtu wa Kochi: Wakuu, jana usiku nimeitazama kwa mara ya kwanza. Neff, wakala wa bima, anaingia ofisini usiku akiwa na risasi begani, anawasha mashine ya kurekodi sauti na kukiri kila kitu: kaua kwa ajili ya pesa na mwanamke, Phyllis. Mbona wametoboa siri mapema hivyo? Halafu cha ajabu, gari lilipogoma kuwaka nilikumbatia mto!

Babu Projekta: Ndio ujanja wa mwongozaji Billy Wilder huo. Ukishajua nani kaua, unabaki kungoja atanaswa vipi. Pale relini maiti ya mume wa Phyllis imeshawekwa, hakuna anayewafukuza, ni gari tu linakohoa, na wewe unajikuta unawaombea wauaji! Swali langu: ulimwangalia Keyes, mkaguzi wa madai? Biri haimtoki mdomoni ila kiberiti hana, Neff ndiye humwashia. Mwishoni nani anamwashia nani?

Dada Popkoni: Mie wigi la Stanwyck, anayecheza Phyllis, linanikera mpaka kesho. Na ule mlango wa Neff unafungukia nje, koridoni! Fleti gani hiyo? Ila bila hivyo Phyllis angejificha wapi Keyes akitoka?

Mtu wa Kochi: Aisee, kiberiti! Nairudia sehemu ya mwisho sasa hivi. Nipeni nyingine ya wikiendi.

Babu Projekta: Out of the Past, 1947. Mwigizaji ni Mitchum. Usile kitu chenye kelele.