Nimeinua usukani wa Boxer, injini inajipiga resi nikikata kona

Mrefu_Kilosa
Habari za jioni wakuu. Nina Boxer 150, nabeba abiria kutoka Kilosa mjini kwenda vijijini. Pikipiki haina shida, ila mimi nina futi sita na inchi tatu. Nashinda nimejikunja, na jioni mabega yote yamekufa ganzi. Nimenunua usukani wa pikipiki ya porini, ule wenye chuma cha kukatiza katikati, umeuzidi wa zamani kwa sentimita 8 hivi. Jana fundi kaufunga. Mgongo umenyooka, nikafurahi. Lakini nikikata kushoto mpaka mwisho injini inajipiga resi yenyewe, na klachi imekuwa ngumu. Fundi anasema nyaya zitazoea. Roho yangu inakataa, maana nabeba mama wenye watoto mgongoni. Nifanyeje?

Fundi wa Msamvu
Kaka, usipakie mtu kwanza. Waya hauzoei. Wa mafuta, ule unaovutwa ukizungusha mshiko wa kulia, umekuwa mfupi, kwa hiyo usukani ukigeuka unauvuta na kabureta inafunguka bila wewe kugusa kitu. Unageuza katikati ya watu, pikipiki inaruka mbele. Klachi nayo ikivutwa muda wote haishiki vizuri, sahani zinateleza na kuungua.

Fungua taa ya mbele uone nyaya zilivyopita. Wakati mwingine zimezunguka mbali, ukizipitisha njia fupi zinafika. Kwa sentimita 8 sidhani. Nunua ndefu, ya mafuta na ya klachi, na ya breki ya mbele kama ni ya waya. Usikubali kuungiwa. Ukimaliza, washa, iache sailensa, yaani ingurume taratibu bila kuvuta mafuta, geuza kushoto mpaka mwisho, kisha kulia. Mlio ukibadilika hata kidogo, bado. Mkono wa klachi uwe na mchezo wa milimita 2 au 3 kabla haujaanza kuvuta.

Mama Bodaboda
Aongeze na nyaya za swichi. Mimi nilizisahau. Zilivutika, zikasuguliwa kwenye shingo ya pikipiki, pale usukani unapogeukia, mpaka shaba ikatoka nje, na taa ikanizimikia saa mbili usiku nikiwa na abiria. Ziachie ulegevu, zifunge mbali na shingo. Na wenye breki ya maji wakumbuke paipu, ikikaza hiyo ni hatari kubwa zaidi.

Fundi wa Msamvu
Kweli dada. Kaka, kama hela ya nyaya haijapatikana, rudisha usukani wa zamani, mchongaji vyuma akutengenezee vipande vya chuma vya sentimita 3 vya kuweka chini ya vibano vinavyoshika usukani, na bolti ndefu ngumu. Nyaya za kiwandani mara nyingi zinatosha hapo, ila jaribu vilevile.

Mrefu_Kilosa
Nimerudi wakuu. Leo sikupakia. Nimepata waya wa mafuta na wa klachi, ndefu, nimezifunga mwenyewe. Kushoto, kulia, sailensa imetulia. Wa breki hapa Kilosa hakuna, naufuata Morogoro kesho kwa basi. Pikipiki inabaki ndani.