Mdogo wangu kamaliza Evangelion, kaniuliza kwa nini Shinji, yule kijana mhusika mkuu, anamshukuru baba yake. Nimwoneshe ile filamu ya 1997 au nisubiri?

dada_wa_kwanza:

Habari za jioni wadau. Uzi ni mrefu na una spoila za mwisho wa Neon Genesis Evangelion, kama hujamaliza pita tu, utarudi.

Niko na mdogo wangu wa kiume, miaka 15. Mimi ndo nilimwanzishia hii anime, katuni ya Kijapani ya kijana Shinji ambaye baba yake, Gendo, anamtaka aendeshe Eva, jitu kubwa la vita kama roboti, kupigana na viumbe wanaoitwa Malaika. Zamani nikiwa chuo niliiangalia nikaishia kwenye ya 18 hivi, nikakata tamaa. Likizo hii tukaianza upya wawili, episodi mbili kila usiku mama akiwa zamu, siku kumi na tatu tukamaliza zote 26. Mwanzo alikuwa anapenda zile vita tu, Eva anatoka chini ya mji wa Tokyo-3 kwenye ile lifti kubwa na yeye anashangilia kama mpira. Kuanzia ya 16 kwenda mbele nikaona ananyamaza, hasemi kitu mpaka wimbo wa mwisho.

Juzi tukafika ya 25 na 26. Mnajua zilivyo, hakuna vita, hakuna Malaika, mtoto kakaa kwenye kiti gizani anaulizwa maswali, sehemu nyingine imechorwa kama mtu alikuwa anajaribu penseli, halafu ghafla watu wote wamemzunguka wanampigia makofi, hongera, hongera. Mimi nilibaki natoa macho. Yeye akaganda kwenye yale maandishi ya mwisho kabisa, kwa baba asante, kwa mama kwaheri, na kwa watoto wote hongera. Akaniuliza "dada, kwa nini asante kwa baba? Kamfanyia nini?" Nikakosa jibu, akaenda kulala.

Niwaeleze ili mnielewe. Baba yetu aliondoka mdogo wangu akiwa darasa la pili. Yuko hai, yuko mji mwingine ana familia nyingine, simu anapiga mara moja moja na akipiga ujue kuna kitu anataka. Kwa hiyo lile swali halikuwa la katuni, nililisikia mpaka tumboni.

Sasa wenzake wamemwambia mwisho wenyewe hasa uko kwenye filamu, The End of Evangelion, na iko palepale Netflix pembeni ya series. Ananisumbua kila siku. Mimi mwenyewe sijaiangalia. Nimwoneshe? Na lile swali la baba nyie mngejibu vipi? Naombeni ushauri, nimeshindwa kweli.

kijana_wa_kona:

Mwoneshe tu dada, miaka 15 si mtoto, Shinji mwenyewe ana 14. Akikosa kwako ataipata kwenye flashi ya mtu.

kalunguyeye:

Mkuu hapo juu nakuheshimu ila una muda gani hujairudia hiyo filamu? Dada usimwoneshe kwa sasa, na kwanza wewe iangalie peke yako ndo uamue.

Nakwambia kwa sababu nimeiangalia mara nne na bado kuna sehemu nasogeza mbele. Dakika za mwanzo tu Shinji yuko hospitali pembeni ya kitanda cha Asuka, binti mwenzake anayeendesha Eva, ambaye hajitambui, na anafanya jambo la aibu ambalo sitalieleza hapa, mwenyewe anajichukia hapohapo. Baadaye jeshi linaingia makao ya NERV, shirika la Gendo lenye hizo Eva, na kuua wafanyakazi mmoja mmoja, hata waliokwisha nyoosha mikono. Misato, bosi wa Shinji anayeishi naye, anakufa. Asuka anapigana na Eva tisa peke yake na yanayompata sitaki kuyakumbuka. Kisha binadamu wote duniani wanayeyuka wanakuwa maji ya rangi ya chungwa, na mwisho wawili wako ufukweni, Shinji mikono iko kooni kwa Asuka analia, na Asuka anasema neno moja la kinyaa, basi, imeisha. Hakuna makofi, hakuna hongera. Mtoto aliyeuliza swali kama la mdogo wako halafu akapewa hiyo usiku uleule, mimi ningeogopa.

Na msimwambie ati huo ndo "mwisho wa kweli" na ule mwingine ni feki. Series ilirushwa TV Tokyo kuanzia Oktoba 1995 mpaka Machi 27, 1996. Hideaki Anno aliyeiongoza alikuwa ametoka kwenye sonona, mwenyewe aliandika kwamba kwa miaka minne alikuwa mtu aliyevunjika asiyeweza kufanya chochote. Mwishoni ratiba iliwabana vibaya, ndo maana unaona michoro ya penseli na picha zilizosimama, lakini maneno yaliyomo ni yake na aliyamaanisha. Watu walikasirika mno, wakamwandikia matusi, na filamu ilipotoka Julai 1997 baadhi ya ujumbe wao wa hasira unapita kwenye skrini haraka haraka. Kwa hiyo ile filamu ndani yake kuna hasira za watu wazima wanagombana. Mtoto wa 15 hahitaji kuingia katikati ya ugomvi huo.

kijana_wa_kona:

Ile ya hospitali nilikuwa nimeisahau kabisa. Sawa, nafuta kauli. Dada subiri.

msee_wa_reli:

Mimi niko Nairobi, nimeona huu uzi nikasema lazima niandike kitu. Watu wengi wanachukia 25 na 26 juu walikuwa wanangoja vita, lakini ukiangalia vizuri venye imejengwa, vita viko nje na sisi tumefungiwa ndani ya kichwa ya huyo kijana. Mimi naionaga hivi, series na filamu ni siku moja, moja inaonyesha nje ingine ndani. Si kila mtu anakubali hiyo, lakini hata episodi zenyewe za filamu zimepewa namba 25 na 26 tena.

Sehemu inanishikanga kila mara ni pale wanamchora kwa karatasi nyeupe, hakuna kitu, anaambiwa uko huru sasa. Anaogopa. Wanamchorea mstari chini ili apate mahali pa kusimama, anaambiwa sasa umepata ardhi lakini pia umepoteza uhuru kiasi. Hiyo ni mstari moja tu ya penseli! Hakuna pesa imetumika hapo na bado sijaona mtu ameeleza vizuri zaidi maana ya kuishi na watu wengine. Mwangalie hiyo tena na kijana, pole pole, msimamishe mkiongea.

baba_yuko_safarini:

Dada mimi nitajibu la baba tu, hayo mengine wamesema.

Baba yangu aliondoka nina miaka tisa. Darasa la tano nilipata 41 kwa 50 ya hesabu, ile karatasi nikaiweka chini ya godoro nimsubiri aje aione. Mwaka mzima ile karatasi iko chini ya godoro. Nilikuwa sisomi kwa sababu napenda hesabu, nasoma ili siku moja aseme neno. Kwa hiyo nilipoiona episodi ya 12 nilisimamisha nikatoka nje.

Kama umesahau, ya 12 ni ile Malaika anadondoka kutoka angani na Eva watatu wanakimbia kumdaka kwa mikono. Baada ya vita Gendo anaunganishwa kwa redio kutoka Antaktika, na anamwambia Shinji umefanya vizuri. Maneno hayo tu. Halafu usiku wako kwenye kibanda cha rameni, Misato kawaalika, na Shinji anasema leo ndo nimejua ni kitu cha kufurahisha kusifiwa, na kwamba labda anapanda Eva ili asikie tena yale maneno kwa baba. Kila mtu anaiona kama episodi ya furaha, mimi naiona ndo ya kusikitisha kuliko zote, maana mtoto anaweka roho yake rehani kwa sentensi moja ya redio.

Sasa nenda ya 26. Anachokisema pale, kabla ya kioo kuvunjika, ni kwamba anaweza kujipenda, kwamba anataka kuwa yeye na anataka kuwepo hapa. Hajasema "baba akinisifia". Kwa mara ya kwanza baba hayumo kwenye hiyo sentensi. Ndo maana ile asante mimi siisomi kama kusamehe, naisoma kama kufunga hesabu. Unamaliza deni na mtu, unamshukuru, mnaachana, kila mtu na njia yake.

Ile karatasi niliitoa chini ya godoro nikampa mama. Alilia akaibandika jikoni. Mwambie mdogo wako kama anayo ya kwake asiifiche, akupe wewe.

mama_wawili:

Nimesoma hapo juu mara mbili. Mungu akubariki kaka.

Naongeza kidogo. Dada usimlazimishe mtoto afike kwenye asante. Yale maneno hakuyasema Shinji kwa mdomo wake, ni maandishi yanatokea kwenye skrini makofi yakishaisha, kwa hiyo mimi siku zote nimeyachukulia kama ya aliyetengeneza, mtu mzima anawaaga wahusika wake. Mdogo wako akisema mimi sina cha kushukuru, mwache, yuko sahihi kwa umri wake. Tena mtu aliyembeba muda wote kwenye hiyo hadithi si baba, ni Misato, ndo alimpa chumba na kumwambia useme nimerudi nyumbani ukiingia mlangoni, na akamjibu karibu nyumbani. Kwenu huyo ni wewe na mama.

mwana_wa_bandari:

Assalam alaikum. Mie swali langu kwa dada, mamako yuasemaje juu ya hii katuni? Nauliza kwa kuwa kwetu mama alisikia Malaika wauawa akaja kuzima televisheni, na hakukosa. Nilimweleza kuwa kwa Kijapani neno lenyewe ni shito, maana yake mtume au mjumbe, watengenezaji wenyewe ndio walolitia Angel, yaani malaika, kwa Kiingereza, na misalaba ile na majina yale yametiwa kwa kuvutia macho, si mafunzo ya dini. Alinisikiza ila alitaka kukaa aone mwenyewe. Mshirikisheni mama.

Na kuhusu filamu, zipo zile nne mpya, 2007, 2009, 2012 na ya mwisho Machi 2021. Zaanza kama series kisha zaenda njia yao. Ya mwisho ni zaidi ya saa mbili na nusu, na ndani yake Shinji na babake hatimaye wakaa kwenye treni wakazungumza. Gendo asema yote, utoto wake wa upweke, vitabu, piano, alivyomwogopa mwanawe mwenyewe, na amkumbatia. Hata kwenye ile ya 1997 alisema samahani, lakini alisema akifa, Shinji hakumsikia. Kwenye hii yuamsikia. Anno alikuwa ana miaka 60 alipoitoa, miaka 25 tangu makofi yale. Kijana ataka jibu la baba, jibu liko huko kuliko huko kwengine. Na mwisho wake ni stesheni ya Ube-Shinkawa, mji aliozaliwa Anno mwenyewe, watoto washakuwa watu wazima washika mikono wakimbia kutoka nje. Mie nililia, sioni haya kusema.

kalunguyeye:

Naunga mkono hili asilimia mia. Ya 2012 itawachanganya, watakuta miaka 14 imeruka na hakuna anayemweleza Shinji kitu, muwe na subira hapo. Hiyo ya 1997 iache mpaka afike kumi na nane na yeye mwenyewe achague.

dada_wa_kwanza:

Wadau nimerudi, samahani kwa kukaa kimya siku tatu. Nimesoma kila neno.

Ya 1997 niliiangalia peke yangu usiku ule ule. Asante kalunguyeye, sikulala vizuri, na sitamwonesha. Nilimwambia wazi nimeiangalia na nimeona bado, na kwa nini. Alinuna kidogo kisha akasema sawa.

Jana tukarudia ya 12. Sikumwambia chochote kabla. Ile ya redio ikapita, akawa anacheka Rei, yule binti mwingine anayeendesha Eva, anavyoagiza rameni ya vitunguu saumu bila nyama, halafu Shinji akasema yale maneno yake na mdogo wangu akasogea akaweka kichwa begani kwangu. Hajafanya hivyo toka akiwa darasa la nne. Baadaye ndo nikamsomea ya baba_yuko_safarini kutoka kwenye simu, jina sikutaja. Akauliza "alipata 41 kwa 50 kweli?" nikasema kweli. Akaingia chumbani akarudi na medali ya riadha ya mkoa ambayo mimi sikujua hata kama alishinda. Ya mwaka jana. Sasa iko juu ya friji.

La asante bado hajakubali, anasema yeye angeandika "kwa dada" na kuishia hapo. Nimeacha hivyo, mama_wawili.

Mama nimemweleza ile ya shito. Jumamosi hana zamu, kasema na yeye atakaa. Tunaanza ile ya 2007.

mwana_wa_bandari:

Mashallah. Majina yakianza kupita mwisho msizime, kila moja ngojeni mpaka skrini iwe nyeusi, hasa hiyo ya 2009, kuna kipande baada ya majina.